Sayyida Salme (Emily Ruete)

Sayyida Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete (Unguja, 30 Agosti 1844 – Jena, Ujerumani, 29 Februari 1924), alikuwa binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Anajulikana hasa kwa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kilichotolewa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886. Kitabu hicho huhesabiwa kati ya tawasifu za kwanza za mwanamke Mwarabu kuchapishwa.

Pamoja na habari za maisha yake mwenyewe, Salme alieleza kwa undani jinsi vyumba vya wanawake vilivyopangwa na kupambwa katika majumba ya kifalme ya Unguja katikati ya karne ya 19. Maelezo hayo yana thamani kubwa kwa sababu mbili. Kwanza, wageni wanaume walioandika habari za Zanzibar hawakuruhusiwa kuingia katika vyumba hivyo. Pili, majumba aliyokulia yamebomoka au yamebadilishwa, na vyombo vyake vimetawanyika. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua chumba cha bibi wa ukoo wa kifalme kilikuwaje wakati ule hana budi kuanza na kumbukumbu za Salme.

Kuzaliwa na familia

Salme alizaliwa katika jumba la Beit el-Mtoni, lililo ufukweni kaskazini mwa mji wa Unguja, karibu na Bububu. Baba yake, Sayyid Said, alianza kutawala Oman mwaka 1806, na baadaye alihamishia makao yake makuu Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi kutoka milima ya Kaukazi. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akauzwa, na hatimaye akafika katika nyumba ya Sayyid Said, ambako alipokuwa mkubwa alifanywa suria.

Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa mtoto halali na mtu huru kama mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Said alipofariki aliacha watoto 36, na wote walikuwa wamezaliwa na masuria. Mke wake mkuu, Bibi Azza binti Seif wa ukoo wa kifalme wa Oman, hakuwa na mtoto, lakini ndiye aliyetawala shughuli zote za Beit el-Mtoni.

Jumba hilo lilikuwa kama kijiji. Salme alikadiria kwamba liliishi watu wapatao 1,000, pamoja na watumishi na watumwa. Katikati palikuwa na ua mkubwa ambamo swala, tausi, mbuni na korongo walitembea bila kufungwa. Upande mmoja palikuwa na safu ya mabafu, na upande wa bahari palikuwa na baraza kubwa la mviringo lililojengwa kwa mbao. Hapo Sayyid Said alikunywa kahawa na jamaa zake. Baraza hilo lilikuwa na viti vingi vilivyopangwa kandokando na darubini kubwa ya kutazamia merikebu. Lugha nyingi zilisikika nyumbani humo: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kihabeshi na nyinginezo.

Muundo wa vyumba

Ili kuelewa mapambo ya vyumba hivyo, ni lazima kwanza kuelewa ujenzi wake. Nyumba kubwa za Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari ililala juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba hakikuweza kuwa kipana sana. Kiliweza tu kurefuka. Kwa hiyo vyumba vingi vilikuwa virefu na vyembamba. Kuta nazo zilikuwa nene sana, na unene huo ulisaidia kuzuia joto la jua.

Wanawake wa daraja la juu waliishi ghorofani, ambako upepo wa bahari ulipita vizuri. Ghala na vyumba vya kazi vilikuwa chini. Madirisha na milango vilikaa wazi karibu mwaka mzima. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Sakafu ilitandikwa mazulia ya Uajemi au mikeka laini iliyosukwa kwa ustadi. Aliyeingia aliacha viatu vyake, au mitalawanda yake, mlangoni, kwa kuwa watu walikaa na kusali juu ya sakafu hiyohiyo.

Vidaka, vioo na saa

Pambo kuu la chumba lilitoka ndani ya ukuta wenyewe. Katika unene wa ukuta mafundi waliacha nafasi zilizopanda kuelekea darini, nazo ziligawanywa kwa rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani. Hivi ndivyo vidaka, ambavyo huko Lamu huitwa zidaka. Juu ya rafu hizo zilipangwa sahani za kauri, bilauri za kioo kilichochongwa, majagi na mabakuli. Vyombo hivyo vilipangwa kwa ulinganifu, kila kimoja kikiwa na mwenzake upande wa pili. Havikuwa vyombo vya kulia chakula, bali mali ya kutazamwa. Salme alieleza kwamba hakuna bei iliyoonekana kubwa mno kwa chombo kizuri cha kuweka kidakani.

Sehemu za ukuta zilizobaki kati ya kidaka na kidaka zilifunikwa kwa vioo vikubwa vilivyotoka Ulaya. Viliagizwa kwa vipimo maalumu, kwani vilipaswa kuanzia karibu na matandiko ya kukalia, ambayo yaliinuka kidogo tu kutoka sakafuni, na kufika hadi darini. Katika chumba chembamba vioo vilikuwa na faida nyingine: viliongeza mwanga na kufanya chumba kionekane kipana zaidi.

Picha za watu na wanyama hazikutundikwa kwa kawaida, kwa sababu ya mafundisho ya dini kuhusu kuiga viumbe wa Mungu, ingawa Salme alikiri kwamba katika siku zake katazo hilo lilianza kulegea. Mahali pa picha palichukuliwa na saa. Saa za ukutani na za mezani zilipendwa mno, na nyumba moja iliweza kuwa na saa nyingi za aina mbalimbali. Nyingine ziliwekwa juu ya vioo, nyingine mbilimbili kandokando yake. Katika vyumba vya wanaume kuta zilipambwa kwa silaha za thamani kutoka Arabuni, Uajemi na Uturuki.

Kitanda na makasha

Pembeni mwa chumba kilisimama kitanda kikubwa cha sesemi kilichochongwa nakshi na mafundi wa Kihindi, kikiwa kimefunikwa chote kwa kitambaa cheupe chepesi mithili ya chandarua. Vitanda hivyo vilikuwa virefu kwenda juu. Bibi mwenyewe alipanda kwanza juu ya kiti, au alikanyaga kiganja cha mjakazi, ndipo akafika kitandani. Nafasi iliyobaki chini ya kitanda haikupotea. Yaya wa watoto, au mwanamke aliyemwuguza mgonjwa, aliweza kulala humo.

Meza zilikuwa chache, nazo zilionekana kwa watu wa daraja la juu tu. Viti vilikuwa vingi, vya kila umbo na rangi. Makabati ya nguo hayakujulikana. Kazi yake ilifanywa na makasha. Kila chumba kilikuwa na makasha kadhaa makubwa ya sesemi, yaliyopambwa kwa maelfu ya misumari midogo yenye vichwa vya shaba. Ndani ya kasha mara nyingi palikuwa na saraka ya siri ya kuwekea fedha na vito. Makasha ya namna hii yanajulikana hadi leo katika mwambao wote wa Afrika Mashariki, na familia nyingi zimeyarithi kutoka kwa bibi zao.

Kwa hiyo kasha lilikuwa zaidi ya samani. Chumba chenyewe kilikuwa katika jumba la mtawala, lakini vilivyokuwa ndani ya kasha vilikuwa mali ya mwanamke mwenyewe. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke haki ya kumiliki na kurithi mali kwa jina lake, jambo ambalo wanawake wengi wa Ulaya walioolewa hawakuwa nalo wakati ule. Jambo hili ni muhimu kwa kuelewa maisha ya Salme ya baadaye, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa madai ya urithi.

Manukato

Chumba hakikuhesabiwa kuwa tayari mpaka kimefukizwa. Udi ulichomwa katika chetezo, na moshi wake ulipitishwa kwenye nguo na matandiko. Ambari, miski, maji ya mawaridi na maua ya yasmini yalitumika pia. Nguo zilihifadhiwa zikiwa na harufu hiyo ndani ya makasha. Desturi ya kufukiza nguo na chumba inaendelea hadi leo miongoni mwa wanawake wa pwani, hasa wakati wa harusi.

Vitu vilitoka wapi

Vitu vya chumba kimoja vilikusanywa kutoka sehemu nyingi za dunia: mazulia kutoka Uajemi, vitanda na makasha yenye kazi ya India, kauri kutoka China, vioo na saa kutoka Ulaya. Salme alieleza kwamba baba yake alikuwa na merikebu zake mwenyewe, ambazo zilipeleka karafuu na bidhaa nyingine Uingereza, Marseille, Uajemi, India na China. Manahodha walipewa orodha ndefu za vitu vya kununua kwa ajili ya jumba. Merikebu iliporudi, mali iligawanywa kwa watu wa nyumba kwa siku kadhaa, kila mmoja kwa daraja lake. Siku hizo zilisubiriwa na wakubwa na watoto.

Utajiri ulionunua vitu hivyo ulitokana na vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza kilikuwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Cha pili kilikuwa biashara ya bara, hasa pembe za ndovu na watumwa. Misafara iliondoka pwani, ikafika Tabora, na kutoka hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji. Nyingine ilielekea kusini, ikapita Ufipa katika mkoa wa leo wa Rukwa, hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika na nchi za mbele yake. Pembe zilipokwenda pwani, nguo za merikani, shanga na waya wa shaba zilikuja bara. Wafipa na majirani zao wa Bonde la Rukwa walikuwa na ufundi wao wa kufuma nguo za pamba, na wasafiri wa karne ya 19 waliona vitanda vya mfumi vikifanya kazi. Baadaye ufundi huo ulififia mbele ya vitambaa vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Hivyo biashara iliyojaza vidaka vya Unguja iligusa pia maisha ya watu walioishi mbali sana na bahari.

Mashamba na nyumba viliendeshwa kwa nguvu za watumwa. Katika chumba cha bibi walikuwamo wajakazi wa kumpepea, kumkanda, kufua, kufukiza nguo na kulinda mlango. Hata kati ya masuria palikuwa na madaraja: Salme aliandika kwamba wanawake wa Kicherkasi na wa Kihabeshi walijitenga wao kwa wao hata wakati wa kula. Katika kitabu chake alitetea utumwa wa nchi za Mashariki akidai kwamba ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Marekani, na aliandika kwa dharau juu ya Waafrika. Maoni hayo yamekosolewa vikali. Msomaji wa leo anapaswa kukumbuka kwamba maelezo yake mazuri ya chumba yalitoka kwa mtu aliyepanda kitandani, si kwa yule aliyetoa kiganja kikanyagwe.

Elimu

Watoto wa jumba walifundishwa kusoma Kurani na mwalimu mwanamke. Wavulana walifundishwa pia kuandika, lakini wasichana hawakufundishwa. Salme alijifunza kuandika kwa siri. Alinakili herufi za Kurani kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wakati huo, kisha akapata msaada wa mtumwa mmoja aliyejua kuandika. Jambo hilo lilipojulikana alilaumiwa, lakini hakuacha. Uwezo huo wa kuandika ndio uliobadilisha maisha yake mara mbili: mara ya kwanza katika siasa za ukoo wake, mara ya pili katika kitabu chake.

Mnamo mwaka 1851 Salme na mama yake walihamia Beit el-Watoro mjini, nyumba ya kaka yake Majid. Huko alijifunza kupanda farasi na kutumia silaha. Mwanzoni aliiona nyumba hiyo kuwa finyu akilinganisha na Mtoni, akaukumbuka mto, ua na wanyama wake. Baadaye walihamia Beit el-Tani, jirani na Beit el-Sahel, jumba la baba yake mjini.

Urithi na ugomvi wa ndugu

Sayyid Said alifariki baharini mnamo Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Milki yake iligawanyika: Thuwaini alitawala Oman, na Majid alitawala Zanzibar. Salme, akiwa na umri wa miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake, yaani shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Mama yake alifariki mwaka 1859 wakati wa kipindupindu, akamwachia mali nyingine.

Mwaka huohuo Barghash, ndugu mwingine, alijaribu kumpindua Majid. Salme alivutwa upande wa Barghash na dada yake mpenzi, Khole. Akiwa na miaka 15 tu alifanywa mwandishi wa njama hiyo, kwa kuwa aliweza kuandika barua bila kumtegemea karani. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash alipelekwa Bombay. Salme hakuadhibiwa, lakini alipoteza nafasi yake kati ya jamaa. Alikwenda kuishi mashambani, kwanza Kizimbani, kisha Bububu. Baadaye alipatana na Majid. Mapatano hayo yaliwachukiza Barghash na wafuasi wake, na chuki hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Ndoa na kuondoka Unguja

Aliporudi kukaa mjini, Salme alifahamiana na jirani yake Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Nyumba za mji zilikaribiana sana, na watu waliweza kuonana na kuzungumza kutoka darini. Salme alishika mimba. Kwa binti wa ukoo wa kifalme, uhusiano na mwanamume asiye Mwislamu ulikuwa hatari kwa maisha yake. Mnamo Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Uingereza, Highflyer, akapelekwa Aden.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo, kisha wakasafiri kwenda Ujerumani. Mtoto wao huyo wa kwanza hakuishi muda mrefu. Kwa kuacha Uislamu na kuondoka bila idhini, Salme alihesabiwa kuwa amejikata na ukoo wake, na haki yake ya urithi ilikataliwa.

Maisha Ujerumani

Mjini Hamburg walizaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Mnamo Agosti 1870 mume wake alikanyagwa na tramu ya farasi akafariki. Salme alibaki mjane mwenye umri wa miaka 25, na watoto wadogo watatu, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Majid naye alifariki mwaka 1870, na Barghash akawa Sultani. Salme alimwandikia mara kwa mara akiomba msamaha na haki yake, bila mafanikio. Barghash alipotembelea London mwaka 1875, Salme alimfuata huko, lakini hakuonana naye. Fedha zilipopungua alihama mji hadi mji, akakaa Dresden, Rudolstadt na Berlin, na alifundisha lugha ya Kiarabu ili kuongeza kipato. Katika barua zilizochapishwa baada ya kifo chake alieleza baridi, upweke na mazoea magumu ya nyumba za Ulaya. Aliyezoea milango wazi mwaka mzima sasa aliishi ndani ya vyumba vilivyofungwa ili kuhifadhi joto la jiko.

Ilikuwa katika miaka hiyo kwamba alianza kuandika kumbukumbu zake, kwanza kwa ajili ya watoto wake ambao hawakupata kuiona nchi yake.

Safari ya mwaka 1885

Mwaka 1885 serikali ya Chansela Otto von Bismarck ilikuwa katika mvutano na Sultani Barghash kuhusu maeneo ya bara. Meli za kivita za Ujerumani zilipotumwa Unguja mwezi Agosti, Salme na watoto wake walipelekwa huko pia. Kwake yeye ilikuwa safari ya kudai urithi. Kwa serikali alikuwa njia ya kumbana Sultani. Barghash aliyakubali madai ya Wajerumani, na jambo la Salme likaachwa kando. Kaka yake hakukubali kumwona.

Hata hivyo wakazi wengi wa mji walimsalimu kwa furaha. Alitembelea Beit el-Mtoni na kuikuta nyumba aliyozaliwa ikiwa magofu: ngazi imeanguka, majani yameota, mabafu hayana paa. Vyumba vyenye vidaka na vioo havikuwepo tena. Mwaka uliofuata kitabu chake kilitolewa, kikiwa na sura ya mwisho kuhusu safari hiyo. Hivyo maelezo ya chumba cha mama yake yalifika kwa wasomaji pamoja na habari ya kubomoka kwake.

Makubaliano ya miaka hiyo yalifungua njia ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambalo lilienea hadi Ziwa Tanganyika na kuhusisha Ufipa. Katika ufuko wa ziwa hilo, Kasanga, kituo cha Wajerumani kiliitwa Bismarckburg kwa heshima ya chansela yuleyule.

Salme alirudi Unguja tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, lakini Sultani mpya Khalifa bin Said hakumpa alichotaka, na serikali ya Ujerumani haikumsaidia tena.

Miaka ya mwisho

Baada ya hapo Salme hakutaka kurudi Ujerumani. Aliishi Jaffa, kisha Beirut kwa miaka mingi, mahali alipoweza kusikia tena Kiarabu. Mwaka 1914 alirudi Ujerumani, akakaa na familia ya binti yake. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kaburi la familia ya Ruete. Inasimuliwa kwamba kati ya vitu alivyotunza mpaka mwisho ulikuwemo mfuko mdogo wa mchanga kutoka ufuko wa Unguja.

Mtoto wake, Rudolph Said-Ruete (1869–1946), aliandika kitabu kuhusu babu yake Sayyid Said kilichotolewa mwaka 1929. Mkusanyo wa vitabu na hati za familia ulipelekwa Leiden, Uholanzi.

Majumba baada yake

Beit el-Mtoni limebaki magofu. Jumba la Beit el-Sahel liliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Jumba jipya lilijengwa mahali hapo kwa ajili ya masultani waliofuata. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 liliitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 lilifanywa makumbusho. Samani nyingi zilizomo ni za masultani wa karne ya 20, si za wakati wa Salme. Hata hivyo chumba kimoja kimetengwa kwa ajili yake, chenye picha na maelezo ya maisha yake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina la Emily Ruete mwaka 2019, lakini jina hilo liliondolewa baada ya watu kulalamikia maandishi yake kuhusu utumwa na Waafrika.

Umuhimu

Salme hukumbukwa kwa namna mbalimbali: kama binti wa mfalme aliyefuata moyo wake, kama Mwislamu aliyeacha dini yake, kama chombo cha siasa za wakoloni, na kama mwandishi. Kwa historia ya nyumba na maisha ya kila siku, mchango wake ni wa pekee. Watawala waliacha mikataba na majengo, na wafanyabiashara waliacha hesabu zao. Yeye aliandika mahali kasha lilipokaa, rangi ya rafu, urefu wa kitanda na nani alilala chini yake. Urithi aliodai kwa karibu miaka 20 hakuupata. Lakini vyumba alivyonyimwa vinajulikana leo kwa sababu yeye aliviandika.